Saini Iliyoachwa Mwisho: Kisa cha Reli ya Durham na Chuo Kikuu cha Duke

Tarehe 27 Februari 2019, uongozi wa Chuo Kikuu cha Duke, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina nchini Marekani, uliiandikia barua GoTriangle, mamlaka ya usafiri wa umma ya eneo hilo, kuieleza kwamba chuo hakitatia saini mapatano yaliyohitajika ili reli nyepesi ya umeme ipite kando ya hospitali yake. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Machi, bodi ya GoTriangle ilipiga kura kuusitisha mradi wote. Hivyo ndivyo ilivyokufa reli ya takriban kilomita 28, iliyokadiriwa kugharimu kiasi cha dola bilioni 2.5, ambayo wananchi walikuwa wameichangia kwa kodi kwa miaka kadhaa, kabla halijalazwa hata taruma moja.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ninaishi Mbeya, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya jiji, na upanuzi wake kuwa njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, una urefu wa kilomita 29, karibu sawa kabisa na ile reli. Jiji letu nalo limevibeba vyuo na hospitali zake humo humo katika ukanda mmoja mwembamba kati ya milima. Wenzetu wa Durham walikosana juu ya jambo ambalo sisi hatujalizungumza vya kutosha, nalo ni hili: njia ya umma inapopita mlangoni pa chuo, nani anamdai nani ahadi, na ahadi hiyo inaandikwa lini?

Mji, chuo na njia iliyokusudiwa

Durham ni mji uliokuzwa na tumbaku. Familia ya Duke, iliyotajirika kwa biashara hiyo, ndiyo iliyokifadhili chuo kilichoitwa Trinity College, ambacho kilihamia mjini hapo mwaka 1892 na kupewa jina la Duke mwaka 1924. Viwanda vya tumbaku vilipofifia, chuo na hospitali yake vikabaki kuwa mwajiri mkubwa kuliko wote mjini. Kwa hiyo anayesema kwamba mji uligombana na chuo hana budi kukumbuka kuwa mji huo ulikuwa kama mzazi anayegombana na mtoto aliyekwisha kumzidi kimo. Hata meya wa Durham wa wakati huo, Steve Schewel, aliyeiunga mkono reli kwa moyo wote, alikuwa amesoma Duke na kufundisha hapo hapo.

Upande wa pili wa mji kuna Chuo Kikuu cha North Carolina Central, kilichoanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya Wamarekani weusi. Karibu nacho palikuwa na Hayti, mtaa wa watu weusi uliokuwa na maduka, makanisa na biashara zake wenyewe, mpaka katika miaka ya 1960 na 1970 ilipojengwa barabara ya kasi iliyoukata na kuubomoa kwa sehemu kubwa. Jambo hili halikuandikwa katika michoro ya reli, lakini wazee wa mtaa huo walilifahamu vizuri. Safari moja njia ya usafiri ilipita kwao ikawaondolea nyumba. Safari hii waliahidiwa njia itakayowafikisha kazini na hospitalini.

Reli ilipangwa kuanzia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill, ipite Duke na hospitali ya wanajeshi wastaafu iliyo jirani, iingie katikati ya Durham, na kuishia North Carolina Central. Vyuo vikuu vitatu na hospitali tatu kubwa vingeunganishwa kwa njia moja. Mtu yeyote wa Mbeya aliyewahi kusimama Kabwe saa kumi na mbili asubuhi anaujua uzito wa jambo hilo bila kuonyeshwa takwimu. Atawaona wauguzi wanaowahi zamu, wanafunzi wenye mabegi, na akina mama walioshika hotpoti la uji kwa ajili ya mgonjwa aliyelazwa Rufaa, wote wakiingia katika daladala moja, konda akiwaomba wasogee kidogo. Chuo na hospitali huwaleta watu wengi kuliko soko, na huwaleta kila siku.

Wananchi wa kaunti ya Durham walikubali kwa kura, Novemba 2011, kuongezewa kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola kwa ajili ya usafiri wa umma, na wenzao wa kaunti ya Orange wakafanya vivyo hivyo Novemba 2012. Anayenunua bidhaa za dola kumi alilipa senti tano zaidi. Ni fedha kidogo kwa siku moja, lakini hutoka kwa kila mtu, hata kwa yule asiye na gari ambaye ndiye hasa aliyeihitaji reli. Nusu ya gharama za ujenzi ilitarajiwa kutoka serikali kuu ya Marekani, na iliyobaki kutoka katika kodi hiyo, serikali ya jimbo na wachangiaji wengine, na miongoni mwa michango iliyotegemewa ni ardhi ambayo Duke ingeitoa.

Kilichogombaniwa

Njia ilipokaribia Duke ilipaswa kufuata barabara ya Erwin, ambayo kando yake kumejipanga majengo ya tiba na utafiti ya chuo hicho. Awali reli ilichorwa ipite chini, sambamba na magari. Baadaye, baada ya malalamiko kwamba magari ya wagonjwa yangekwama kwenye makutano, sehemu hiyo ikachorwa upya ipite juu ya nguzo. Hoja za chuo katika barua yake zilikuwa nne: mwingiliano wa sumaku-umeme katika vifaa vya tiba na utafiti, mtetemo wa ujenzi na wa treni zenyewe, hatari ya kukatika kwa huduma zinazopita chini ya ardhi, kama umeme na maji, ambazo hospitali haiwezi kukaa bila kuwa nazo, na swali la nani atabeba dhima ya kisheria likitokea la kutokea.

Ni rahisi kwa mtu wa nje kuzicheka hoja mbili za mwanzo na kuona ni visingizio vya matajiri wasiotaka treni mlangoni. Mimi nisingezicheka. Treni ya umeme ya aina hiyo huvuta mkondo mkubwa kutoka waya wa juu na kuurudisha kupitia reli, na kila inapoondoka kituoni mkondo huo hupanda ghafla na kuuvuruga uga wa sumaku ulioizunguka. Mashine ya MRI hupiga picha za ndani ya mwili kwa kutegemea uga wa sumaku uliotulia mno. Hata tani nyingi za chuma zinazosogea karibu nayo, bila umeme wowote, zinaweza kuugusa utulivu huo. Darubini ya elektroni inadai utulivu huo huo, na sakafu anayosimama daktari anayepasua jicho la mtu kwa kifaa chembamba kuliko sindano haitakiwi kutikisika hata kidogo.

Mtetemo nimeuona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa asubuhi nzima katika maabara ya chuo kimoja cha huku nyanda za juu, kilicho jirani na barabara kubwa, nikimtazama fundi wa maabara akipima unga wa kemikali kwenye mizani inayosoma mpaka sehemu ya elfu kumi ya gramu. Aliufunga mlango wa kioo wa mizani, akaondoa mikono mezani, akasubiri. Tarakimu tatu za mwanzo zilitulia, lakini ile ya mwisho ilicheza: tatu, saba, tatu, tisa. Akaniambia, “Subiri kwanza, mwalimu, semi ipite.” Hatukuliona lori lolote kutoka pale tulipokaa. Baada ya muda mfupi tarakimu ilisimama, naye akaandika haraka kwenye daftari kabla lingine halijafika. Alikuwa amejifunza kufanya kazi katika mapengo ya malori, na hakuna barua yoyote iliyowahi kuandikwa kwa mtu yeyote kuhusu jambo hilo.

Kwa hiyo nakubali kwamba hofu ya Duke ilikuwa na msingi. Ninachokiona kuwa kosa ni wakati wake, na kosa hilo sikitwishi chuo peke yake.

Tazama mwenendo wa kalenda. Mwaka 2018 bunge la jimbo liliweka masharti kwamba fedha zisizo za serikali kuu ziwe zimethibitishwa kufikia tarehe 30 Aprili 2019, na za serikali kuu zithibitishwe kufikia tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, la sivyo mchango wa jimbo ungepotea. Ili kuwahi tarehe hizo, GoTriangle ilihitaji saini za wadau wote wakubwa ifikapo mwisho wa Februari. Njia ilikuwa imechaguliwa miaka mingi nyuma, uchunguzi wa athari kwa mazingira umekamilika, wahandisi wamelipwa, zaidi ya dola milioni 100 zimekwisha kutumika, na bado makubaliano na mwenye ardhi ambaye bila yeye njia haipiti hayakuwa yamefungwa. Katika wiki za mwisho walikuwa wakijadiliana kuhusu bima na dhima, mambo ambayo wanasheria hujadili kwa miezi hata pale wanapopendana.

Kila upande ulikuwa na maelezo yake. Waungaji mkono wa reli walisema chuo kilikaa kimya, au kilizungumza kwa ukungu, mpaka dakika ya mwisho. Chuo kikajibu kwamba kilikuwa kimeyaeleza mashaka yake kwa miaka mingi na hayakupatiwa ufumbuzi. Ninaamini wote walikuwa wakisema kweli kwa namna fulani. Chuo kikubwa hakina mdomo mmoja. Mkuu wa mipango anaweza kuketi katika kamati ya reli na kutikisa kichwa kwa kukubali, huku daktari wa macho na mtafiti wa fizikia wakiwa hawajawahi kuulizwa mashine zao zinavumilia nini. Mamlaka ya usafiri nayo huisikia sauti inayopenda kuisikia. Mashaka yaliyotajwa mkutanoni bila kipimo huandikwa kwenye muhtasari kama “suala litakaloshughulikiwa baadaye,” na baadaye hiyo ikifika huwa imekutana na tarehe ya mwisho.

Ni haki kusema pia kwamba Duke haikuwa kikwazo pekee. Kampuni ya reli ya jimbo, ambayo njia yake ya mizigo na abiria inapita katikati ya Durham, nayo haikuwa imetia saini. Katikati ya mji, wenye majengo walikataa barabara moja isifungwe, na mwishoni mwa 2018 mpango ukaongezewa handaki ambalo halikuwemo tangu mwanzo. Mradi ulikuwa umechoka. Hata hivyo barua ya Duke ndiyo iliyouvunja mgongo, kwa sababu vikwazo vingine vyote vilikuwa bado vinajadiliwa, ilhali barua hiyo iliufunga mlango. Lilitajwa wazo la kuitwaa ardhi ya chuo kwa nguvu ya sheria kwa manufaa ya umma, lakini kesi ya namna hiyo isingeweza kumalizika kabla ya Aprili, na hata ingemalizika, mahakama inaweza kukupa ardhi bila kukupa ushirikiano wa hospitali ambayo nyaya na mabomba yake yapo chini ya mtaro unaotaka kuuchimba.

Mahali ambako ilitiwa saini

Kama kisa kingeishia hapo, mtu angeweza kudhani kwamba treni na maabara ni paka na panya. Lakini miaka kumi hivi kabla yake, katika jimbo la Minnesota, ugomvi wa aina ile ile ulikwisha kwa njia nyingine. Reli ya kuunganisha miji ya Minneapolis na Saint Paul ilipangwa ipite katikati kabisa ya Chuo Kikuu cha Minnesota, katika barabara ya Washington. Chuo kilitaka ipite handakini, handaki likaonekana ghali na kufutwa mwaka 2008. Chuo kikapendekeza njia nyingine ya kaskazini, nayo haikukubaliwa. Septemba 2009 kikaenda mahakamani, kikidai kwamba mtetemo na sumaku-umeme vingeharibu utafiti katika maabara nyingi zilizo kando ya barabara hiyo.

Hoja zilikuwa zile zile. Aprili 2010 pande mbili zilifikia makubaliano, na kilichomo katika makubaliano hayo ndicho kinachonivutia. Badala ya mamlaka ya usafiri ya huko kuahidi kwamba “itajitahidi kupunguza madhara,” viliwekwa viwango vya mtetemo na vya sumaku-umeme ambavyo treni haitakiwi kuvivuka kwenye majengo ya maabara, na mamlaka ikabeba wajibu wa kurekebisha iwapo vitavukwa. Wahandisi wakalaza reli juu ya zege lililotenganishwa na ardhi kwa matabaka ya kumeza mtetemo, na wakapanga upya namna umeme unavyofika kwenye njia karibu na chuo ili uga wake upungue. Barabara ya Washington ikaondolewa magari binafsi katika eneo la chuo, ikabaki ya treni, mabasi na waendao kwa miguu. Treni ya kwanza yenye abiria ilipita tarehe 14 Juni 2014.

Kesi ya mahakamani, ambayo wengi huiona kuwa ubaya, huko Minnesota ilifanya kazi ambayo vikao vya Durham havikuifanya: ilimlazimisha kila mmoja kutaja namba. Chuo kilibidi kiseme mashine ipi iko chumba kipi na inavumilia kiasi gani. Mamlaka ilibidi iseme treni yake itatoa kiasi gani kwa umbali gani. Ugomvi ulipogeuka kuwa tofauti kati ya namba mbili, wahandisi walipata kazi ya kufanya. Na ilitokea miaka minne kabla ya treni kuanza, muda wa kutosha kumwaga zege la aina nyingine.

Kwa macho ya Mbeya

Hapa kwetu kisa kama cha Durham hakiwezi kutokea kwa sura ile ile. Duke ni chuo binafsi kinachomiliki ardhi yake. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, na chuo, kama mimi na kiwanja changu, kina haki ya kuitumia tu. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais uwezo wa kuichukua kwa manufaa ya umma, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaongeza hifadhi ya barabara kuu kufikia mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Mwenye jengo akiona alama ya X nyekundu ukutani anajua mazungumzo yamefika wapi. Barua ya chuo ya kukataa kutia saini, hapa kwetu, isingeusimamisha mradi.

Wapo wanaoliona hilo kuwa faida yetu, kwamba miradi yetu haifi kwa sababu ya kiburi cha taasisi moja. Nimelisikia likisemwa kwa fahari na watu ninaowaheshimu, na nimelifikiria sana. Wasiwasi wangu ni kwamba pale ambapo chuo au hospitali haina nguvu ya kukataa, haina pia sababu ya kupima. Yule fundi wa maabara hakuandika barua kwa sababu alijua haina pa kwenda. Duke ilisikilizwa kupita kiasi na mwisho wananchi wakakosa treni. Kwetu mtetemo unaweza kupita miaka ishirini bila kusikilizwa, mwanafunzi akaandika tarakimu ya nne kwa kubahatisha, na matokeo ya utafiti yakatoka yakiwa na makosa ambayo hakuna atakayeyahusisha na barabara.

Kama ningeombwa ushauri na jiji au na chuo chochote kati ya Uyole na Mbalizi, ningeanza na kazi ndogo isiyohitaji mwanasheria. Chuo kiorodheshe vifaa vyake nyeti, chumba kwa chumba, pamoja na kiwango cha mtetemo ambacho kila kimoja kinavumilia, kwa kuwa watengenezaji huziandika namba hizo katika vitabu vya maelekezo ambavyo mara nyingi vimefungiwa kabatini. Kisha wahandisi wa barabara waje na kipima-mtetemo chao na kukaa nacho katika vyumba hivyo kwa saa 24, mchana daladala zikipita na usiku wa manane malori ya Tunduma yakishuka, ili ijulikane hali ilivyo leo kabla ya njia kuongezwa. Karatasi hizo mbili zikiunganishwa, pande zote zitie saini wakati mstari wa njia bado ni wa penseli. Mstari wa penseli kuusogeza mita kumi ni kazi ya asubuhi moja, au mhandisi anaweza kubadilisha aina ya tabaka la chini la barabara, au chuo kikaamua mapema kuhamishia maabara upande wa pili wa kiwanja. Baada ya mkandarasi kupewa eneo la kazi, hayo yote hugeuka kuwa madai ya fidia.

Na chuo kwa upande wake kikubali kwamba barabara inayokitikisa ndiyo inayowaleta wanafunzi wake. Nimewahi kuhudhuria vikao ambamo wenzetu wa vyuo walizungumzia daladala na bajaji za getini kama kero tupu, ilhali robo saa baadaye mhudumu aliyetuletea chai alitoka mbio kuiwahi gari ya mwisho ya Uyole. Katika barua ya Duke ninayoisoma leo kuna hoja za sumaku, za mabomba na za bima, zote za kweli, lakini muuguzi wa zamu ya usiku anayeishi upande wa pili wa mji naye alistahili kuwekwa kwenye mizani hiyo hiyo.

Kodi ile ya nusu senti iliendelea kukusanywa Durham baada ya mradi kufa, na fedha zake zikaelekezwa katika mipango mingine, hasa ya mabasi. Anayetoka North Carolina Central kwenda hospitali ya Duke bado anapanda basi, na basi hilo linasimama kwenye taa zile zile za barabarani pamoja na magari ya wagonjwa ambayo reli ilikuwa imeinuliwa juu ya nguzo ili isiyazuie.